Saa 48 za Kwanza Bangkok

Hotuba kwa wafanyabiashara, wagonjwa na wasindikizaji wao wanaojiandaa kwa safari ya kwanza ya Thailand

Wenyeji wetu, kina mama na kina baba, ndugu wafanyabiashara, habari za jioni.

Tumeombwa tuzungumzie kile anachokutana nacho mgeni anapoingia Bangkok kwa mara ya kwanza. Mtu aliyezoea Kariakoo au Eastleigh haogopi msongamano. Ataona vibanda vya chakula vimeziba njia ya miguu, pikipiki zikipenya kati ya magari, nyaya za umeme na simu zimesokotana juu ya nguzo, na atajisemea moyoni kwamba hapa ni nyumbani tu, lugha ndiyo imebadilika. Hatari yenyewe ni hiyo. Bangkok inafanana na kwetu kiasi cha kumfanya mgeni aisome kwa macho ya kwao, na kwa jinsi tunavyoliona jambo hili, hasara nyingi za safari ya kwanza hutokea katika siku mbili za mwanzo kwa sababu hiyo.

Chukueni jambo moja dogo. Kaeni kando ya barabara ya Sukhumvit saa kumi na moja jioni, magari yamesimama safu nne, na sikilizeni. Hakuna honi. Dereva wa Bangkok anaweza kukaa kwenye taa moja dakika tano au zaidi asiguse honi, kwa kuwa kupiga honi ni kumgombeza mtu hadharani. Ukiona vurugu zimenyamaza namna hiyo, jua kwamba pana utaratibu ambao hujauona bado. Jioni hii tutausoma utaratibu huo tukianzia mlangoni.

Mlango ni uwanja wa Suvarnabhumi, uliofunguliwa mwaka 2006, mashariki mwa mji. Upo pia Don Mueang, uwanja wa zamani upande wa kaskazini, unaotumiwa zaidi na ndege za bei nafuu. Mwenye tiketi ya kuunganisha aangalie herufi: BKK ni Suvarnabhumi, DMK ni Don Mueang, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya kuvuka mji.

Karatasi tatu lazima ziwe tayari kabla ya kupanda ndege. Ya kwanza ni viza, ambayo siku hizi huombwa kwa mtandao. Ya pili ni kadi ya kidijitali ya kuwasili, TDAC, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2025. Hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure. Tovuti yoyote inayokutoza fedha kwa kadi hiyo ni ya dalali. Ya tatu ndiyo inayowakwamisha watu wetu wengi: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo zote zimo kwenye orodha ya Thailand. Chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari, na kubadilisha ndege Doha au Dubai hakufuti asili ya safari yako.

Cheti peke yake hakitoshi, lazima kigongwe muhuri. Kabla ya kufika kwenye madirisha ya uhamiaji kuna dawati la afya, Health Control. Hapo unajaza fomu, unaonyesha cheti, unapata muhuri. Kinachotokea ni kwamba abiria anafuata umati wa ndege nzima, anapanga foleni ya uhamiaji mpaka zamu yake ifike, kisha ofisa anaangalia pasipoti na kumrudisha kwenye dawati la afya, na foleni anaianza upya. Mkishuka kwenye ndege, ulizeni Health Control kwanza. Umati ule una watu wa kila nchi, na wengi wao hawahusiki na dawati hilo.

Baada ya mizigo, mambo mawili ya haraka. Laini ya simu huuzwa papo hapo ukumbi wa kuwasili na husajiliwa kwa pasipoti. Na chaja: soketi za Thailand hupokea pini mbili, bapa au za mviringo, kwa hiyo plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii. Umeme wao ni volti 220, kwa hiyo kinachohitajika ni kichwa cha kubadilishia plagi basi. Beba kutoka nyumbani.

Fedha zinahitaji utulivu zaidi. Shilingi zetu ziacheni. Bebeni dola, noti za 100, safi, zisizokunjwa wala kuandikwa. Noti ndogo za dola 1 hadi 20 hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za 100, na noti iliyochanika au kupigwa muhuri wa wino huweza kukataliwa kabisa. Madirisha ya ukumbi wa kuwasili hutoa bei mbaya. Badilisha hapo kiasi cha nauli tu, au shuka hadi ghorofa ya chini kabisa, iliyoandikwa B, karibu na lango la treni, ambako maduka ya fedha hushindana na bei huwa nzuri zaidi. Fedha kubwa ya biashara subiri uibadilishe mjini, eneo la Ratchadamri na Pratunam, mtaa wa soko la nguo, ambako maduka ya kubadilisha fedha yamepangana. Mashine ya ATM humtoza mwenye kadi ya nje baht 220 au zaidi kila anapotoa, iwe ametoa 1,000 au 20,000. Ikikuuliza kama ungependa ikuhesabie kwa sarafu ya kwenu, kataa, acha benki yako ihesabu. Kwenye vibanda mtaona picha za msimbo wa kuskani kila mahali, hata kwa muuza maembe. Huo ni mfumo wa benki zao, na asiye na akaunti ya Thailand aendelee kubeba noti za 20, za kijani, na za 100, nyekundu. Ukimpa dereva wa teksi noti ya 1,000 asubuhi mapema, umemtafutia shida ya chenji na umejitafutia ubishi.

Kuingia mjini kuna njia mbili za maana. Treni ya uwanja, Airport Rail Link, huondokea ghorofa B, hufika kituo cha mwisho cha Phaya Thai katika nusu saa hivi, na nauli yake ya juu ni baht 45. Anayekwenda Pratunam ashuke Ratchaprarop, kituo kimoja kabla ya mwisho, kisha atembee kuelekea kusini. Anayekwenda upande wa Sukhumvit ashuke Makkasan, avuke kwa miguu hadi kituo cha Phetchaburi cha MRT, treni ya chini ya ardhi. Treni ina foleni yake jioni, na mwenye masanduku matatu hataifurahia.

Teksi rasmi za mita ziko ghorofa ya 1. Unabonyeza mashine, inatoa karatasi yenye namba ya kibaraza, unakwenda kwenye namba hiyo. Karatasi hiyo usimpe mtu yeyote mpaka ufike, maana ina taarifa za gari kama kuna mgogoro. Mita huanzia baht 35 kwa gari la kawaida, 40 kwa kubwa. Huongezwa baht 50 ya uwanja na ada za barabara ya kulipia, ambazo abiria hulipa. Jumla hadi katikati ya mji huwa kama 300 hadi 450 kutegemea foleni, kwa sababu mita inahesabu pia muda gari likiwa limesimama. Mtu anayekufuata ndani ya ukumbi na ubao wa bei, akisema mita zimeharibika leo, mpite tu.

Mjini, teksi ina alama inayowapoteza wageni karibu wote. Nyuma ya kioo cha mbele huwaka maandishi mekundu. Kwa macho yetu nyekundu ni hapana. Bangkok nyekundu hiyo inasema gari ni tupu, nyoosha mkono. Mkono wenyewe unyooshwe kiganja kikitazama chini, ukikipunga taratibu. Na dereva anaweza kukataa. Anateremsha kioo, anasikia unakokwenda, anatikisa kichwa na kuondoka. Sheria haimpi ruhusa hiyo, lakini jioni wakati wa kukabidhi magari kwa dereva wa zamu nyingine hutokea kila dakika, na si ubaguzi. Wenyeji nao hukataliwa. Bolt na Grab zote zipo, na bei huonekana kabla, jambo linalomwondolea mgeni nusu ya maneno.

Sasa mitaa yenyewe, ambayo inaeleza kwa nini foleni ni ile. Mji ulianzishwa mwaka 1782 kwenye ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya, katika tambarare ya tope iliyokatwakatwa na mifereji. Watu walisafiri kwa maji, na nyuma ya mifereji yalikuwa mashamba ya mpunga, marefu na membamba. Mji ulipopanuka, mifereji mingi ilifukiwa ikawa barabara, na mipaka ya mashamba ikawa vichochoro. Matokeo yake ni ramani iliyokaa kama mfupa wa samaki: barabara kuu moja, na pande zote mbili vichochoro vinavyoitwa soi, vingi vikiishia ukutani. Gari lililo ndani ya soi haliwezi kutokea upande wa pili, linarudi lilikoingilia. Kwa hiyo kila gari la kila soi humwagika kwenye barabara ileile kuu, na hakuna njia ya mkato ya kuiokoa. Ongeza juu yake askari wanaoziongoza taa kwa mkono kwenye makutano makubwa, wakiruhusu upande mmoja mpaka uishe, na mtaelewa kwa nini kilomita tatu zinaweza kula saa nzima.

Vichochoro vina namba, witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Hapa tena macho ya nyumbani yanakosea. Mtu hudhani soi 21 itatazamana na soi 20 au 22. Hapana. Kila upande umehesabiwa kivyake kadiri vichochoro vilivyochimbuka, na hesabu zimeachana. Sukhumvit soi 21, inayoitwa Asok, inatazamana na soi 16. Soi 55, Thong Lo, ng'ambo yake ni jirani na soi 38. Anayemwambia dereva amshushe "mkabala" kwa kukisia namba atajikuta mbali na hoteli, na kuvuka Sukhumvit si jambo la kukimbia. Magari huendesha kushoto kama kwetu, hiyo ni nafuu, lakini pundamilia haiheshimiwi, na pikipiki huja hata kinyume na hata juu ya njia ya miguu. Tumieni madaraja ya waenda kwa miguu. Anwani ya hoteli iandikeni kwa herufi za Kithai kwenye simu, pamoja na namba ya simu ya mapokezi. Madereva wengi hawasomi ramani kwa Kiingereza, ila simu watampigia mwenyeji mwenzao kwa furaha.

Kwa kuwa chini kumefungwa, mji umejijengea njia juu na umehifadhi njia majini. Msafiri akishaelewa hilo, Bangkok hufunguka.

Juu kuna BTS, treni iliyoanza Desemba 1999. Njia zake mbili kuu hukutana Siam. Chini ya ardhi kuna MRT, ya mwaka 2004. Ni mifumo miwili yenye tiketi mbili tofauti. Kadi ya Rabbit ya BTS haifungui lango la MRT, na MRT ya njia ya bluu hupokea kadi ya benki ya kugusa bila tiketi yoyote. Wapi zinakutana? Asok ya BTS iko juu ya Sukhumvit ya MRT, na Sala Daeng iko juu ya Silom. Kituo ni kilekile kwa mguu, majina mawili, nauli mbili. Jukwaani kuna mishale sakafuni: wanaopanda husimama pembeni, wanaoshuka hupita katikati, na foleni hiyo haivunjwi hata treni ikijaa. Baadhi ya mashine za tiketi hupokea sarafu tu, dirishani watakupa chenji. Ndani ya treni kiyoyozi ni kikali. Mwenye mgonjwa aliyetoka hospitali au mtoto mdogo abebe kanga au sweta, kwani tofauti ya joto kati ya barabara na behewa ni kubwa, na mafua ya siku ya tatu wengi huyachukulia hapo.

Majini, mfereji wa Saen Saep ndio usiotangazwa sana kwa wageni na ndio unaowafaa watu wetu kuliko njia zote. Unapita sambamba na Sukhumvit. Gati la Nana Nuea liko jirani na soi 3, mtaa wa hospitali ya Bumrungrad na mtaa wa Waarabu, ambako wagonjwa wa Oman na Ghuba hujaa na wako wenye Kiswahili miongoni mwao. Kutoka hapo boti linakwenda Pratunam. Hapo kila mtu hushuka na kubadilisha boti, halafu lile la magharibi linakwenda gati la Bobae, soko la nguo za jumla, upande wa mji wa kale. Nauli haizidi makumi machache ya baht, na foleni hakuna.

Kupanda kuna ufundi wake. Boti haligandi gatini, linagusa tu. Shika kamba, weka mguu kwenye ukingo, ingia, kaa. Mkusanya nauli, mwenye kofia ngumu kichwani, anatembea kwa nje kwenye ukingo wa boti. Kofia hiyo ni kwa ajili ya madaraja, ambayo upande wa magharibi ni mafupi kiasi kwamba paa la boti huteremshwa kupita chini yake. Pembeni mwa viti kuna kamba inayopandisha turubai. Aliyekaa pembeni ndiye mwenye kazi: boti lingine likija, vuta kamba, turubai lipande, likipita achia. Asiyevuta anawalowesha wenzake, na maji yale ni meusi. Boti huacha mapema jioni, usilitegemee kwa kurudi usiku. Na mwenye mizigo ya marobota asijaribu.

Kwenye midomo ya soi kuna bodaboda, madereva waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba. Kila kijiwe kina ubao wa bei za safari fupi. Hao ni wa kutoka ndani ya soi hadi kituo cha treni, na wanafaa sana. Ombeni kofia. Bajaji, au tuk-tuk, kwa bei ya mgeni huwa ghali kuliko teksi yenye mita na kiyoyozi. Ipandeni mara moja kwa furaha kama mnataka, ila bei ikubaliwe kabla ya kukaa.

Tufike Pratunam, kwa sababu wengi wenu ndiko mnakokwenda. Msingi wa eneo ni Platinum Fashion Mall na mitaa inayozunguka mnara wa Baiyoke. Kutoka kituo cha Siam au Chit Lom kuna njia ya juu ya waenda kwa miguu inayopita Ratchaprasong hadi hapo, kwa hiyo hakuna sababu ya kupanda teksi kwenye foleni mbaya kuliko zote mjini.

Mgeni wa kwanza huingia, huona bei ya kipande kimoja, hulinganisha na ya kwao na kuanza kununua. Asinunue siku hiyo. Bei za Pratunam zina ngazi. Kipande kimoja ni rejareja. Vipande vitatu katika duka lilelile mara nyingi hushusha bei hadi ya jumla, na hapo lazima uulize: vitatu vya mtindo mmoja, au vya mitindo tofauti? Kila duka na sheria yake. Dazeni hushusha tena. Mapunguzo ya hapo si ya kuvutana kama mnavyofikiri. Muuzaji anaandika kwenye kikokotoo, nawe unaandika yako, mnacheka, anapunguza baht 10 au 20, basi. Anayeanza na nusu ya bei na kupandisha sauti atakuta muuzaji anatabasamu, anakunja nguo na kugeukia mteja mwingine. Tabasamu lile si dalili ya kukubali. Ndivyo mlango unavyofungwa huko.

Kipimo ndicho mtego wa pili. Nguo nyingi huandikwa "free size", na saizi hiyo imekatwa kwa mwili wa Asia Mashariki, kifua inchi 34 hadi 36 au karibu na hapo. Vibanda vingi haviruhusu kujaribu, na kurudisha ni nadra. Bebeni utepe wa kupimia, mpime kifua, kiuno na nyonga ya nguo ikiwa imelazwa, mzidishe kwa mbili. Robota la magauni yasiyopita mabegani limewarudisha wengi mtaji nusu.

Mtego wa tatu ni usafirishaji. Mawakala wa mizigo wanaohudumia Afrika wamejaa mitaa hiyo. Wa ndege huhesabu kilo, lakini si kilo za mizani peke yake. Huchukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 6,000, wakaangalia namba ipi ni kubwa. Katoni ya 60 kwa 50 kwa 50 ni sentimita za ujazo 150,000, yaani kilo 25. Ukiijaza sweta zenye uzito wa kilo 18 utalipia 25. Jinzi hazina shida hiyo, mizani ndiyo hushinda. Kwa hiyo nguo laini zibanwe, hewa itolewe, na ulizeni mapema wanagawa kwa namba gani, maana wengine hutumia 5,000, na katoni ileile inakuwa kilo 30. Kwa meli hesabu ni mita za ujazo, na hapo uzito haukusumbui sana.

Vifungo, shanga, hereni na urembo ni Sampeng, kichochoro chembamba cha Chinatown ambamo mikokoteni na pikipiki hupita mgongoni mwako. Vitambaa viko jirani, Pahurat. Chatuchak ni soko la wikendi, Jumamosi na Jumapili, na ni kubwa mno. Nendeni asubuhi, na ukipenda kitu piga picha namba ya duka na ya sehemu, kwa sababu kulirudia duka kwa kumbukumbu haiwezekani.

Risiti na hati zisomwe kwa uangalifu. Mwaka wa Thailand unazidi wa kwetu kwa 543, kwa hiyo 2026 ni 2569 na tarehe inaweza kuandikwa 05/03/69. Hakikisha hati ya mzigo ina mwaka unaoeleweka na forodha ya nyumbani. Saa yao iko mbele yetu kwa nne. Jioni, kwa mazungumzo ya kawaida, Wathai huhesabu saa kama Waswahili: saa mbili usiku kwao ni song thum, na song ni mbili. Mtu wa gari la mizigo akikuambia hivyo, usimpeleke kwenye Kiingereza, mwelewe kwa Kiswahili tu.

Mambo ya heshima tutayapitia machache yenye uzito. Saa mbili kamili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa vituoni na kwenye bustani. Watu wote husimama walipo, nawe simama. Ufalme haujadiliwi, hata kwa mzaha, hata mtandaoni: kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Noti ina picha ya mfalme, ikipeperuka usiikanyage kuizuia. Kichwa cha mtu hakiguswi, hata cha mtoto, na unyayo haumwelekei mtu wala sanamu ya Buddha. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku. Bangi ina maduka yenye jani la kijani mlangoni, lakini sheria zake zimebanwa tangu katikati ya 2025, na kuibeba uwanja wa ndege ni kujitafutia jela nchi mbili. Mzigo wa mtu mwingine usiubebe, hata akiwa jamaa wa jamaa. Viza ikipita, faini ni baht 500 kwa siku, hadi 20,000.

Utapeli wa Bangkok una sura moja inayojirudia karibu na Kasri Kuu. Mtu nadhifu, mara nyingine na beji, anakuambia kasri limefungwa leo kwa ibada, ila kuna bajaji ya baht 20 itakayokuzungusha kwenye mahekalu. Bajaji inaishia duka la vito, na hapo utaambiwa ni siku ya mwisho ya mauzo ya serikali yasiyo na kodi. Hakuna mauzo hayo. Kasri huwa wazi siku nyingi saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tiketi ni baht 500, na anayeujua ukweli ni askari wa langoni. Kwa watu wanaotoka kwenye nchi ya Mirerani na Tunduru, kununua yakuti kwa haraka Bangkok ni jambo la ajabu, lakini hutokea. Polisi wa watalii ni 1155, gari la wagonjwa ni 1669.

Chakula hakiwezi kuwashinda. Alama ya halali ipo kwenye vibanda vya Waislamu wa Thailand, wengine huweka mwezi na nyota, na khao mok gai ni ndugu wa biriani ya kuku, mchele wa manjano. Nguruwe ni mu, na yumo hata kwenye supu inayoonekana ya mboga. Mai phet ni kusema bila pilipili, na hata hivyo itakuwepo. Kijiko ni cha kulia, uma wa kushoto husukuma tu. Barafu yenye tundu katikati ni ya kiwandani. Maji ya bomba msinywe.

Siku ya kurudi, kodi ya asilimia 7 hurudishwa kwa maduka yenye alama ya VAT Refund, ununuzi wa baht 2,000 au zaidi kwa duka moja kwa siku moja, na fomu yao inajazwa palepale dukani kwa pasipoti. Vibanda vya jumla havimo, na mzigo uliokwenda kwa wakala hauhesabiki, kwa kuwa bidhaa lazima itoke nchini nawe. Uwanjani nenda kwanza dawati la forodha ghorofa ya 4, kabla ya kukabidhi mabegi, bidhaa zikiwa zinafikika, ugongewe muhuri. Fedha hulipwa upande wa ndani, baada ya uhamiaji. Aliyekabidhi begi kwanza anaweza kuambiwa hakuna cha kukaguliwa, na fomu zake zikabaki karatasi.

Tuyapokee maswali, tukianza na mama aliyenyoosha mkono tangu tulipotaja katoni.